Maombi ya Chuo Kikuu Uingereza na Swali la Ukaazi



Kila mwaka, majani yanapoanza kupukutika hapa Uingereza na jua linapoanza kuzama mapema, nyumba nyingi za Waswahili huingiwa na shughuli moja. Mtoto yumo katika mwaka wake wa mwisho wa sekondari, kompyuta imewekwa juu ya meza ya chakula, baba anauliza "Umefika wapi?" na mama anarudia swali hilo hilo baada ya sala ya isha. Shughuli hiyo ni kujaza maombi ya shahada ya kwanza. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikikaa na familia za namna hiyo siku za Jumamosi, katika ukumbi wa jumuiya kaskazini mwa London. Wako watu wa Mombasa na Lamu, wako Wabarawa, Wazanzibari, na Wakongo waliokulia Bukavu. Nimeona kwamba karibu wote huliogopa jambo moja katika maombi hayo na hulipuuza jingine, na lile wanalolipuuza ndilo linalowagharimu.

Kwanza niueleze utaratibu wenyewe kwa ufupi, kwa ajili ya msikilizaji aliye Tanga au Muscat ambaye hajauona. Hapa mwombaji haandiki barua kwa kila chuo. Maombi yote ya shahada ya kwanza hupitia shirika moja liitwalo UCAS, lenye makao yake katika mji wa Cheltenham. Mwombaji hujaza fomu moja kwa njia ya intaneti na kuchagua kozi zisizozidi tano, na chuo kimoja hakioni vyuo vingine alivyoviomba. Anayetaka udaktari wa binadamu, wa meno au wa mifugo hutumia nafasi nne tu kwa masomo hayo, na kwa kawaida hakuna anayeruhusiwa kuomba Oxford na Cambridge katika mwaka mmoja. Maombi ya vyuo hivyo viwili na ya masomo hayo ya udaktari hufungwa tarehe 15 Oktoba. Mengi yaliyobaki hufungwa mwezi Januari. Mwalimu huandika barua ya kumdhamini na kutaja alama anazotarajia mwanafunzi atazipata. Kisha chuo hujibu: tunakukubali, au tunakukubali kwa sharti la alama kadha wa kadha, au tunasikitika. Mwanafunzi huchagua chuo kimoja cha kwanza na kingine cha akiba, na roho hukaa juu hadi matokeo yatoke mwezi Agosti. Aliyekosa vyote hugeukia nafasi zilizobaki, ambazo hutangazwa kuanzia mwezi Julai.

Sasa jambo linaloogopwa. Katika fomu hiyo kuna sehemu ambayo mwombaji hujieleza mwenyewe, kwa herufi zisizozidi 4,000, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa pia. Kwa wale walioanza masomo mwaka 2025 na kabla yake, maelezo hayo yaliandikwa kama insha moja. Kwa wanaoingia vyuoni kuanzia mwaka 2026 yamegawanywa katika maswali matatu: kwa nini unalitaka somo hili, masomo uliyosoma yamekuandaa vipi, na nje ya darasa umefanya nini kitakachokufaa. Nimewaona wazazi wakilipa mamia ya pauni kumpa mtu kazi ya kuwaandikia. Ni fedha zilizotupwa, na zaidi ya hayo ni hatari.

Mwaka 2007, UCAS ilipitisha maombi kiasi cha 50,000 katika programu ya kompyuta inayolinganisha maandishi. Waombaji 234 walikutwa wakisimulia kisa kimoja: kwamba siku walipotimiza miaka minane waliunguza tundu katika nguo zao za kulalia wakicheza na kemikali, na hapo ndipo mapenzi ya sayansi yalipowaingia. Watoto 234, nguo moja, tundu moja! Programu ya namna hiyo inatumika hadi leo. Mimi huwaambia vijana waandike walichokifanya kweli, hata kikiwa kidogo. Binti aliyekuwa mkalimani wa nyanya yake hospitalini tangu ana miaka kumi, akijifunza kutafsiri neno "shinikizo la damu" kabla hajajua kuliandika, ana la kusema kuhusu uuguzi ambalo hakuna mwandishi wa kukodiwa anayeweza kumtungia. Kwa hivyo sehemu hii naiacha hapo. Ina umuhimu wake, lakini walimu wa shule wanaijua na watamsaidia.

Lile linalopuuzwa liko katika kurasa za mwanzo za fomu hiyo hiyo. Mwombaji huulizwa alizaliwa nchi gani, uraia wake ni upi, aliingia Uingereza tarehe gani, makazi yake ya kudumu yako wapi, na yeye ni mkaazi wa aina gani. Hujazwa kwa dakika mbili, mara nyingi na mtoto peke yake, tena akikisia. Majibu hayo ndiyo chuo kinachoyatazama kwanza kuamua kama mwanafunzi atalipa ada ya mwenyeji au ada ya mgeni.

Tofauti yake si ndogo. Nitazungumzia England, kwani Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao. Kwa mwaka wa masomo 2025/26, ada ya juu kabisa aliyoweza kutozwa mwenyeji kwa shahada ya kwanza ilikuwa pauni 9,535. Ada ya mgeni haina kikomo cha kisheria. Kozi nyingi huzidi pauni 20,000 kwa mwaka, na udaktari huweza kupita 40,000. Tena mwenyeji hukopeshwa ada yake na serikali, akaanza kulipa baada ya masomo, kipato chake kikipita kiwango fulani. Mgeni hukosa mkopo huo, kwa hiyo mtoto wa mfanya usafi na dereva wa basi akihesabiwa mgeni, maombi yake yamekwisha hata kama alama zake zote ni za juu.

Nani basi huhesabiwa mwenyeji? Kanuni ya msingi ina nguzo mbili. Ya kwanza ni kuwa na haki ya kuishi Uingereza bila kikomo siku masomo yanapoanza, yaani kuwa raia au kuwa na kibali cha ukaazi wa kudumu. Ya pili ni kuwa umeishi nchini kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya siku hiyo, na si kwa sababu ya kusoma tu. Kwa masomo yanayoanza mwezi Septemba au Oktoba, siku inayohesabiwa ni tarehe 1 Septemba. Wenye hadhi ya ukimbizi wana mlango wao, nao hawadaiwi miaka hiyo mitatu ilimradi wamekaa nchini tangu walipopewa hadhi hiyo.

Nguzo ya pili ndiyo inayowaangusha watu wetu, kwa sababu ya mila yetu nzuri. Mama mmoja kutoka Mombasa alinijia Jumamosi moja na bahasha mkononi. Mwanawe wa kiume alizaliwa London, ana pasipoti ya Uingereza, na Kiingereza chake ni cha mtaani kwao hasa. Alipofika miaka kumi na miwili alianza kufuatana na vijana wasiofaa, na wazee wakashauriana apelekwe kwa nyanya yake Mombasa, akasome huko, apate dini na adabu. Akakaa miaka minne. Alirudi Agosti 2022 akiwa kijana mwingine kabisa, mtulivu, akasoma kidato cha sita hapa na kufanya vyema. Aliomba kuanza uhandisi Septemba 2024. Chuo alichokipenda kikamwandikia kwamba kabla ya tarehe 1 Septemba 2024 hakutimiza miaka mitatu ya ukaazi, na hivyo atalipa ada ya mgeni.

Mama yule aliniuliza, "Mwalimu, mtoto ana pasipoti. Mgeni wa wapi?"

Swali hilo nimelisikia pia kutoka Muscat na Dubai. Wako Waswahili wengi katika Ghuba wenye uraia wa Uingereza, ambao watoto wao wamekulia huko na kusoma katika shule zinazofuata mtaala wa Kiingereza. Wazazi huamini kwamba pasipoti ndiyo tiketi ya ada nafuu. Sivyo. Pasipoti humpa mtu haki ya kuingia na kukaa. Ada ya mwenyeji hutaka awe amekaa. Hata kuhamia Uingereza miaka miwili kabla ya chuo ili kusoma kidato cha sita hakutoshi, kwanza kwa kuwa miaka haijatimia, na pili kwa kuwa huenda chuo kikasema alikuja kwa ajili ya masomo tu.

Upo, hata hivyo, mwanya wa haki ambao watu wengi hawaujui. Aliyeondoka kwa muda, huku makazi ya familia yakibaki Uingereza, anaweza kuhesabiwa kuwa hakuacha kuwa mkaazi. Vile vile mtoto aliyekuwa nje kwa sababu mzazi wake alipelekwa huko kwa kazi ya muda. Lakini chuo hakimtafutii mtu sababu hizo. Kikishuku, hutuma maswali marefu juu ya ukaazi, na ni juu ya mwombaji kuthibitisha. Mkataba wa nyumba, hati za kodi ya halmashauri, hati za mishahara ya wazazi, barua ya daktari wa familia, tiketi za ndege za likizo, barua ya shule ya huko zikitaja tarehe ya kuingia na ya kutoka: hizi ndizo silaha. Nasi tuna desturi ya kutupa karatasi kila tunapohama nyumba.

Tulikaa na yule mama jioni tatu. Yeye mwenyewe hakuwahi kuondoka London wala kuacha kazi yake ya kulea wazee, na chumba cha mtoto kilibaki vile vile na kitanda chake. Kila kiangazi kijana alirudi, na tiketi mbili kati ya nne zilipatikana katika barua pepe za shemeji yake. Tukaandika maelezo kwa vyuo vyote vitano. Chuo alichokipenda kilishikilia neno lake. Cha tatu katika orodha yake, kwa karatasi zile zile, kikamkubali kama mwenyeji. Msikilizaji asishangae: kila chuo huamua chenyewe, na vyuo viwili huweza kuzisoma kanuni moja kwa namna mbili. Na hata chuo kikikubali, ofisi ya mikopo ya serikali nayo hufanya uamuzi wake mbali, hivyo bahasha ile ile ilibidi itumwe tena.

Lipo kundi jingine ambalo hali yake ni nzito zaidi: vijana walioletwa wakiwa wadogo, wakasoma hapa tangu darasa la kwanza, lakini wana kibali cha muda kinachohuishwa kila baada ya miezi thelathini. Wengi hawajui hali yao mpaka siku wanapojaza fomu hii. Binti mzaliwa wa Zambia, Beaurish Tigere, aliyeingia Uingereza mwaka 2001 akiwa na miaka sita, alikuwa kiranja mkuu wa shule yake na alikuwa amepata nafasi chuoni, lakini akanyimwa mkopo kwa kukosa ukaazi wa kudumu. Akafungua kesi, nayo ikafika hadi Mahakama ya Juu. Tarehe 29 Julai 2015, majaji watatu dhidi ya wawili waliamua kwamba kumfungia mlango kwa sababu hiyo kulikiuka haki zake. Sharti la miaka mitatu ya ukaazi halali, majaji waliliacha lisimame.

Kanuni zikarekebishwa mwaka 2016. Tangu hapo, mwenye kibali cha muda anaweza kuhesabiwa mwenyeji na kupewa mkopo endapo, siku ya kuanza masomo, yu chini ya miaka 18 na ameishi nchini miaka 7. Au amefikisha miaka 18 na ameishi hapa nusu ya umri wake, au miaka 20. Na ile mitatu ya mwisho iwe ya kukaa kihalali.

Hesabu hii ya nusu ya umri inafaa kufanywa kwa kalamu na karatasi. Chukua kijana aliyeingia akiwa na miaka tisa na nusu, na ambaye tarehe 1 Septemba atakuwa na miaka kumi na minane na miezi minne. Ameishi hapa miaka minane na miezi kumi. Nusu ya umri wake ni miaka tisa na miezi miwili. Amepungukiwa na miezi minne. Akisubiri mwaka mmoja, atakuwa na miaka kumi na tisa na miezi minne, na ukaazi wake utakuwa miaka tisa na miezi kumi, uliopita nusu kwa miezi miwili. Mwaka mmoja wa kufanya kazi na kungoja humwokolea kijana huyo makumi ya maelfu ya pauni. Nimewaambia vijana watatu habari hiyo na wote walilia kwanza, kwani wenzao wanaondoka na wao wanabaki. Wawili walingoja. Jambo jingine kwao ni kwamba kibali kihuishwe kabla hakijaisha. Mwombaji aliyewahi kabla ya tarehe huendelea kuwa halali akisubiri jibu. Aliyechelewa anaweza kuukata mnyororo wa miaka yake mitatu kwa uzembe wa siku chache.

Nitaje hapa, japo ni pembeni kidogo, kwamba tangu tarehe 1 Januari 1983 kuzaliwa Uingereza peke yake hakumpi mtoto uraia. Lakini aliyezaliwa hapa na kuishi hapa miaka kumi ya kwanza ya maisha yake ana haki ya kuandikishwa kuwa raia. Ada yake ni kubwa; tangu mwaka 2022 familia isiyo na uwezo inaweza kuomba isamehewe ada hiyo kwa mtoto. Afadhali kulishughulikia jambo hilo mtoto akiwa na miaka kumi na mmoja kuliko kungoja afike kumi na saba na fomu iko mezani.

Kwa Waislamu, hata ada ya mwenyeji ikipatikana, linabaki suala la riba, kwani mkopo wa serikali hutozwa riba. Mwaka 2013 serikali ilitoa ahadi ya kutafuta njia mbadala inayokubaliana na sharia, na sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2017 ikampa waziri uwezo wa kuianzisha. Hadi mwaka 2025 njia hiyo ilikuwa haijafunguliwa. Katika muda huo kizazi kizima kimepita: wako waliochukua mkopo kwa fatwa ya dharura, wako waliosoma huku wakifanya kazi usiku, na wako, hasa mabinti wenye akili nzuri, ambao hawakwenda kabisa. Mimi si mwanachuoni wa dini na sitatoa hukumu. Ila nasema kwamba ahadi ya miaka kumi na zaidi isiyotimizwa ni aibu, na jumuiya zetu zinayo haki ya kuwauliza wabunge wao.

Walioomba hifadhi na bado wanangoja jibu hawapati ada ya mwenyeji kwa njia hizi. Hata hivyo vyuo kadhaa vimejiunga katika mtandao wa vyuo vya hifadhi, na hutoa ufadhili maalumu kwa watu hao. Nafasi ni chache na tarehe zake hutofautiana na za UCAS, kwa hiyo chuo kiulizwe moja kwa moja. Mtu mzima aliyekatishwa masomo na vita au na ndoa asisahau Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971, ambacho kwa kozi zake nyingi hakidai cheti chochote cha awali.

Na ninyi mnaotuandikia kutoka Kenya na Tanzania mkiuliza juu ya ufadhili wa Chevening: huo ni kwa shahada ya uzamili, wala si ya kwanza. Mwenye cheti cha kidato cha nne cha Kenya ajue kwamba vyuo vingi vya hapa humtaka kwanza mwaka mmoja wa maandalizi, nao hulipiwa.

Kijana wa yule mama yuko chuoni sasa, katika chuo kile cha tatu, mji wenye mvua nyingi ambao hakuwahi kuufikiria. Mama bado anaye binti wa miaka kumi na miwili, na nyanya wa Mombasa ameanza kumwulizia. Mwezi uliopita mama alikuja tena ukumbini, safari hii kabla ya kukata tiketi, na kalenda ndogo ya ukutani aliyoikunja katika mkoba. Tukaifungua mezani, tukaanza kuhesabu kurudi nyuma kutoka tarehe 1 Septemba ya mwaka ambao binti atatimiza miaka kumi na minane.